Kijiti cha Gundi

Mjomba wake ndiye aliyempa jina la Kekee, tangu akiwa na miaka sita. Kekee ni kile chombo cha kutobolea mbao, na mjomba alikuwa akisema mtoto huyu akikamata swali haliachii mpaka litokeze upande wa pili. Jina likamganda. Shuleni aliitwa Kekee, mtaani aliitwa Kekee, na alipofikisha miaka thelathini na minne, fundi kamili mwenye makovu vidoleni, hata mama yake mzazi alikuwa amesahau kumwita kwa jina lingine.

Kazi aliyofunzwa na mjomba ilikuwa kukereza kalamu za mbao. Ni kazi ya subira. Unachukua kipande cha mpingo chenye unene wa kidole gumba, unakitoboa kutoka kichwani hadi mkiani bila kukipasua, unakiingizia mrija mwembamba wa shaba uliopakwa gundi, unakiacha kikauke. Kesho yake unakivisha kwenye ufito wa chuma wa mashine ya kukereza na kuwasha mota. Mbao inazunguka mpaka huzioni pembe zake tena, ndipo unaisogezea patasi. Ukisogeza kwa pupa, mbao inachanika na kukurushia vibanzi usoni. Ukisogeza kwa woga, patasi inarukaruka na kuacha mawimbi. Ukipata kipimo chake, mbao inajimenya yenyewe kwa nyuzi ndefu nyeusi zinazokudondokea miguuni. Baada ya hapo ni msasa, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini kama karatasi, na mwisho ni nta, inayopakwa kwa kitambaa huku mbao bado inazunguka. Kwa siku nzima fundi mzuri anatoa kalamu sita. Jioni akipenga kamasi, linatoka jeusi tii, na katika ujana wake Kekee aliliona lile kamasi kuwa ndicho cheti chake cha ufundi.

Miaka kumi na tano walikwenda hivyo. Kisha zikaja katoni.

Zililetwa asubuhi moja kwa gari la kukodi, katoni nane, na mjomba alizishusha mwenyewe bila kuita mtu, yeye ambaye hata ndoo ya maji alikuwa hainyanyui ikiwa kuna mwenzake karibu. Kekee akafungua moja. Ndani mlikuwa na kalamu zimepangwa safu kwa safu, nyeusi, zote sawa kama meno ya bandia. Zilikuwa plastiki nyeupe iliyopakwa rangi ya mpingo, na michirizi ya mbao imechorwa juu yake. Zilinuka kama kandambili mpya.

"Mjomba, hizi za nini?"

"Za kuuza. Kwani kalamu huwa za nini?"

"Lakini kwenye kibao cha mlangoni umeandika kalamu zetu zinatengenezwa kwa mkono."

"Na hizi si zitapita mkononi mwako?" Mjomba akacheka, akampiga bega. "Mpwa wangu, watu hawanunui kalamu. Wananunua maneno. Kalamu ni karatasi ya kufungia maneno tu."

Tangu siku hiyo kazi ya Kekee ikawa kuzitia zile kalamu makovu. Alizikwaruza kwa msasa hapa na pale ili zionekane kana kwamba patasi iliteleza kidogo. Alizichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea, akazikausha, akazipaka nta. Mashine ya kukereza ilibaki katikati ya chumba, lakini sasa ilikuwa ya maonyesho. Wageni wakiingia, mjomba aliwasha mota na kukwangua kipande kimoja cha mpingo cha kweli kilekile cha mwezi uliopita, kidogokidogo, kisije kikaisha upesi.

Maranda nayo yalikuwa ya maonyesho. Mjomba alikuwa na gunia la maranda ya zamani, ya enzi za kazi halali. Kila asubuhi aliyamwaga kuzunguka miguu ya mashine, kila jioni akayafagia na kuyarudisha guniani, mpaka yakachanganyika na nywele, majivu ya sigara na miguu ya mende. Kuna wageni walioinama, wakachota ukufi mzima, wakazamisha pua humo na kusema, "Aah! Harufu ya mbao, jamani!" Kekee alitazama pembeni. Mate yalimjaa mdomoni, yale mate mepesi ya mtu anayekaribia kutapika.

Lakini lililomtia kinyaa kuliko yote lilikuwa dole gumba la mjomba. Mteja akishachagua kalamu yake, mjomba alikuwa akilamba dole gumba, akalipitisha taratibu kwenye kalamu toka juu hadi chini, akafuta kwa kitambaa, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi wa kweli humalizia kwa mate yake." Wateja walilipenda jambo hilo ajabu. Mama mmoja aliyevaa vizuri alipokea kalamu yake na hapohapo akaiuma kwa meno, mikono yote miwili ikiwa inatafuta kitu ndani ya mkoba. Siku hiyo Kekee hakula mchana.

Mtu angeuliza, alikaa kwa nini? Alikaa kwa sababu ya oda za watu. Walikuwepo wateja waliokuja na mbao zao wenyewe: mguu wa kitanda cha bibi, ubao wa mlango wa nyumba iliyobomolewa, tawi la mti uliopandwa mtoto alipozaliwa. Hizo, mjomba aliapa, zilikerezwa kama zamani, naye alizifanya peke yake siku za mapumziko, duka likiwa limefungwa. Kekee aliamini, maana alihitaji kuamini. Mtu anayekaa karibu na jalala hujichagulia dirisha moja la kutazamia nje.

*

Mwanzoni mwa mwaka akaja mkunga.

Alikuwa mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alikuja na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye shuka, akakilaza mezani kama anavyolazwa mtoto, akakifunua. Ulikuwa mkongojo wa mpingo, mweusi, ulionyooka, mpini wake umelainika kwa kushikwa.

"Huu ni wa marehemu mume wangu," alisema. "Alikuwa mpima ardhi. Alivunjika nyonga kazini akiwa bado kijana, akatembea na huu miaka arobaini. Tazameni hapa chini." Alionyesha nukta tatu zilizochomwa kwenye mbao, karibu na ncha. "Kila nilipojifungua, alipasha waya moto akachoma nukta. Hii kifungua mimba wangu. Hii binti. Hii kubwa ni kitinda mimba, alitusumbua sana huyo, baba yake akasema anastahili kubwa."

Kekee akacheka. Mkunga hakucheka.

"Sasa tangu tumzike, wanangu hawasemezani. Nyumba hawaigombei, shamba hawaligombei. Wanagombea fimbo! Mkubwa anasema ni yake kwa ukubwa. Binti anasema ndiye aliyemuuguza. Mdogo anasema aliahidiwa. Nimechoka. Nataka ukatwe, mnitengenezee kalamu nne. Tatu za watoto, kila moja ibaki na nukta ya mwenyewe. Ya nne yangu mimi."

Mjomba alimshika mkunga mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa na macho yanayolengwalengwa na machozi kila yalipotakiwa. "Mama," alisema, "nitaifanya kazi hii kama ninamfanyia baba yangu mzazi."

"Mjomba, hii niachie mimi," Kekee akasema.

"Hii ni kazi ya heshima, mpwa wangu. Nitaifanya mwenyewe."

Wiki mbili baadaye kalamu nne zilikuwa tayari, zimelazwa ndani ya kikasha chenye kitambaa chekundu. Tatu zilikuwa na nukta, kila moja na yake. Kekee alitaka kuzitazama vizuri, lakini mjomba alimpiga kofi mkononi kwa utani, "Usiguse, mkono wako una nta." Mkunga alikuja, akazishika moja moja, akalia bila sauti. Mwezi uliofuata alirudi kushukuru. Kifungua mimba alikuja kuchukua yake akamkuta binti amekuja kuchukua yake, na kitinda mimba akachelewa kama kawaida, ikabidi wamsubiri. Kumsubiri kukawafanya waanze kumsengenya, na kumsengenya kukawafanya wacheke. "Juzi wamekaa meza moja, wamekula," mkunga alisema. "Mmenirudishia wanangu."

Siku hiyo Kekee alitembea kurudi nyumbani kwa miguu, moyo mweupe. Walau hili, alijisemea. Walau hili moja.

*

Ile karakana ilikuwa na bati la gundi. Si gundi ya siku hizi ya kwenye chupa. Ni ile ya kuchemsha, inayotokana na ngozi na kwato, ambayo mjomba aliitumia kubandikia vitambaa ndani ya vikasha kwa kuwa ilikuwa ya bei ya chini. Ilinuka kama mnyama aliyefia chini ya sakafu. Kila asubuhi Kekee aliiweka kwenye jiko la umeme, akaikoroga kwa kijiti mpaka ilainike, pua ikiwa imefunikwa kwa leso. Nzi walioanguka humo walibaki humo.

Asubuhi moja, miezi mitano baada ya mkunga kuchukua kalamu zake, kile kijiti kilikuwa kimenenepa kwa gundi iliyogandiana juu yake, safu juu ya safu, mpaka hakiingii vizuri batini. Kekee akakichukua hadi dirishani, akakiegemeza mezani, akaanza kukikwangua kwa patasi kuukuu. Gundi ilibanduka vipande vipande vya manjano, na ndani ya vipande mlikuwa na mabawa ya nzi na unywele mrefu ambao huenda ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa amekunja uso, akitaka tu kumaliza.

Kisha patasi ikagusa kitu kigumu. Akakwangua zaidi. Ilikuwa mbao nyeusi, na ilikuwa inang'aa.

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayekorogea gundi kwa mpingo. Kekee alitambua jambo hilo kwa mikono kabla hajalitambua kwa kichwa. Akakigeuza kijiti. Akakwangua upande wa pili. Ikatokeza nukta moja, iliyochomwa kwa waya wa moto. Chini yake ya pili. Chini yake ya tatu, kubwa kuliko wenzake.

Alikimbilia karo akatapika chai yote aliyokunywa. Akanawa, akanusa vidole, akanawa tena. Miezi mitano alikuwa amekishika kile kitu kila asubuhi. Miezi mitano alikuwa akiwazamisha watoto wa yule mama kwenye ule uozo, tena akiimba.

Mjomba alikuwa mbele dukani, anakula mkate juu ya meza ya kuuzia, makombo yanadondokea kwenye kalamu.

"Mjomba, mkongojo wa mkunga uko wapi?"

"Mkongojo gani?" Kisha akaona alichoshika. Hakushtuka. Aliendelea kutafuna. "Aah, huo. Dalali aliuona, akaupenda. Mtu wa minada yule, anajua kitu kizuri. Ila ni mfupi, si unamjua? Ulimzidi kimo, nikapunguza kidogo kwa chini."

"Hicho kidogo ndicho chenye watoto wake!"

"Na kalamu si walipata?"

"Zile ni za kwenye katoni! Nukta ulizichora kwa rangi!"

"Kwa ncha ya sindano," mjomba akasema, na katika sauti yake mlikuwa na majivuno kidogo, majivuno ya ufundi. "Tulia, mpwa wangu. Tulia unisikilize. Yule mama alitaka nini? Alitaka wanawe wapatane. Wamepatana?"

Kekee alikitazama kile kijiti.

"Nakuuliza. Wamepatana, hawakupatana?"

"Wamepatana."

"Basi hapo ubaya uko wapi? Nenda kawaambie, wagombane upya. Utakuwa umefanya wema gani?" Akameza, akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akakichukua kile kijiti mkononi mwa Kekee na kukirudisha kwenye bati la gundi. Kikazama kwa sauti nzito.

Siku tatu Kekee alizunguka na maneno hayo kama mtu aliyemeza mfupa. Yalikuwa maneno machafu, lakini yalikuwa na ncha. Alimwazia mkunga akisema mmenirudishia wanangu. Aliwaza kukaa kimya, akaona hawezi. Aliwaza kusema, akaona hawezi vilevile. Siku ya nne alifika kazini akamkuta mjomba amemtangulia, amesimama mbele ya jiko, anakoroga gundi kwa kile kijiti huku anapiga mluzi. Ule mluzi ndio uliomaliza shauri. Kekee alikichomoa kijiti mkononi mwake, gundi ikitiririka sakafuni, akakiviringisha kwenye gazeti na kutoka.

"Utarudi!" mjomba alimwambia mgongoni. "Una mwingine wa kukulisha?"

*

Mkunga alimkaribisha sebuleni. Ilikuwa nyumba ndogo inayometa, vitambaa vimenyooshwa juu ya viti, sakafu unaweza kuilamba. Kabla Kekee hajafungua mdomo, mkunga alitoa kalamu yake mfukoni mwa gauni.

"Naona unaitazama. Siachani nayo, mwanangu. Nalala nayo chini ya mto. Asubuhi naiamkia, naiambia leo mvua, leo jua, leo goti linauma." Akacheka kwa aibu. "Utasema bibi amerukwa na akili."

Kekee alitaka kuondoka. Alitaka kusema alikuwa anapita tu. Lakini gazeti lilikuwa limeanza kulowa na ule uvundo ulikuwa umejaa chumba, mkunga mwenyewe ameanza kuvuta pua. Basi akafungua gazeti, akamweleza. Hakuzunguka mbuyu. Alianzia kwenye katoni akaishia kwenye bati.

Mkunga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiweka ile kalamu sakafuni, kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya. Akainuka, akaenda kwenye karo la jikoni, akakunja mikono ya gauni na kufungua maji. Alinawa kwa sabuni na burashi: viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, vifundo, mpaka viwikoni, kama alivyonawa miaka yote kabla ya kuzalisha. Akasuuza, akaanza tena.

"Na wewe," alisema bila kugeuka, "wewe ulifanya nini humo?"

"Hizi nne sikuzigusa, mama."

"Sikukuuliza hizi nne."

Kekee alitazama viganja vyake. Maji yalikuwa yanatiririka.

"Nilizikwaruza msasa," akasema. "Nilizichovya kwenye chai. Nilizipaka nta. Nyingi, mama. Sijui ngapi. Nilikuwa najua ni plastiki."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Basi njoo unawe."

Hakumwachia anawe mwenyewe. Alimshika mikono, akaisugua kwa ile burashi, kwa nguvu, bila huruma na bila chuki, mpaka ngozi ikawa nyekundu na makovu ya zamani yakauma upya. Kekee alilia, na mkunga alimwacha alie. Mikono yote minne ilipokauka, ndipo mkunga alipokigusa kile kijiti. Alitafuta zile nukta kwa kidole, moja, mbili, tatu, uso umekunjamana kwa ule uvundo, lakini hakukiweka chini.

"Haya," alisema. "Nipeleke dukani."

*

Walimkuta mjomba katikati ya maonyesho. Wageni saba walikuwa wamesimama kuzunguka mashine, simu zimeinuliwa, naye amevaa aproni safi iliyochafuliwa kwa makusudi, anakwangua kile kipande chake cha kudumu. "Mbao ina roho," alikuwa anawaambia. "Ukiisikiliza, itakuambia inataka kuwa nini."

Mkunga alipenya katikati yao, akaweka kalamu yake mezani.

"Fundi, nikatie hii."

Mjomba akazima mashine. "Mama yangu! Karibu sana. Jamani, huyu mama, mkongojo wa mumewe—"

"Nikatie. Katikati. Nataka kuiona roho yake."

"Mama, kitu cha kumbukumbu hakikatwi..."

Kekee alikuwa amekwisha kuchukua msumeno mdogo ukutani. Aliibana kalamu kwenye jiliwa, akaipitishia msumeno mara nne tu. Haikutoa sauti ya mbao. Ilitoa mlio kama wa kukata ndala. Vipande viwili vikaanguka, na ndani vilikuwa vyeupe kama mfupa uliochemshwa.

Mkunga alimtazama mjomba, akasema taratibu, kila mtu akisikia: "Nimezalisha miaka thelathini na mitano. Nimeshika damu, nimeshika kinyesi, nimeshika watoto waliokufa. Sijawahi kunawa mikono nikajiona sijatakata. Leo nimenawa mara tatu."

Ingekuwa moja ya hadithi za kubuni za mjomba, hapo wageni wote wangeondoka kwa hasira. Wawili kweli waliondoka. Mmoja alikuwa bado anapiga picha. Mwingine, mwanamume mwenye kofia, aliokota kipande kimoja, akakitazama, akacheka. "Sasa kama ni hivi, si mtatupunguzia? Mimi nachukua nne. Ni zawadi tu, nyumbani hawatajua."

Na uso wa mjomba ukachanua! Palepale, mbele ya yule mama, alilamba dole gumba na kuanza kumchagulia zile zilizokolea rangi. Kekee alikuwa amejiandaa kuona aibu ikimshika mjomba wake, hata kidogo, hata ya kujifanya. Hakuona kitu. Na yule mwenye kofia alikuwa amenyoosha mkono kupokea, anatabasamu, na nyuma yake mwenzake anauliza kama nyekundu zipo.

Kekee alivua aproni. Alichukua patasi zake tatu, alizonunua kwa jasho lake mwenyewe, akatoka na mkunga. Nje walisimama kando ya mtaro, kila mmoja anavuta pumzi.

*

Siku iliyofuata Kekee na mkunga walimfuata dalali. Mtu mwenye adabu, alisikitika sana, lakini mkongojo alikuwa amekwisha kumzawadia rafiki yake aliyesafiri nao, na hakujua mji wala mtaa. Kwa hiyo kilichobaki cha mpima ardhi kilikuwa kile kijiti, urefu wa shubiri moja na ushee.

Mkunga aliwaita wanawe akawaambia yote. Kifungua mimba alikwenda chooni akaitumbukiza kalamu yake humo. Binti alilia, kisha akamgeukia mama yake akamlaumu kwa kukabidhi mkongojo kwa watu asiowajua. Kitinda mimba alisema yeye ameshaizoea yake na anabaki nayo, plastiki au dhahabu. Hapo kaka yake akamwambia hana haya, naye akajibu, na wakarudi palepale walipokuwa. Mkunga alimsimulia Kekee haya bila kumlaumu. Lakini hakumwambia pia kwamba alifanya vizuri.

"Kinaweza kutoa kalamu?" aliuliza, kijiti kikiwa mapajani mwake. Alikuwa amekichemsha, amekisugua, amekianika juani wiki nzima, na bado kilinuka kwa mbali.

"Moja, mama. Kwa taabu."

"Kalamu moja ni ugomvi mwingine." Akakifunga kwenye shuka. "Kibaki hivi hivi. Kimekatwa vya kutosha."

Kekee alipata kazi kwa mtengeneza vitanda, kukereza miguu na vichwa vya vitanda. Kazi nzito, mbao za bei rahisi, hakuna wageni. Mjomba hakuanguka. Alihamia mtaa wenye wapita njia wengi zaidi, akapaka kibao kipya.

Walikutana kwenye sherehe ya kumpongeza binamu yake aliyemaliza chuo. Mama yake Kekee alikuwa amemsihi aende. "Mjomba ni mama," alimwambia, "damu haifuliwi." Basi akaenda, akakaa kwenye kona, sahani mapajani. Mjomba alikuwa katikati ya ukumbi, chupa ya soda mkononi, ndugu wamemzunguka, anasimulia. Ilimchukua Kekee muda kutambua anasimulia nini.

"...bibi kanikazia macho, 'nataka kuiona roho yake!' Nami nikasema moyoni, roho ya plastiki utaiona wapi, mama?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mkaza mjomba alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Na fimbo ya marehemu inakoroga gundi! Lakini jamani, si ilikuwa inafanya kazi? Marehemu alikuwa mchapakazi!"

Wakacheka tena. Shangazi mmoja alikuwa anapiga meza. Watu hawa walimlea Kekee, walimbeba mgongoni. Chakula kilimgeukia mdomoni kikawa kama ile gundi, akakitema kwenye karatasi, akatoka na kukaa kwenye ngazi za nyuma, jua la alasiri likimpiga usoni.

Baada ya muda mama yake alikuja na sahani yake, akaketi kando yake kwa kuguna. Hakula.

"Tangu mdogo alikuwa hivi," mama alisema. "Aliwahi kumuuzia jirani jogoo aliyekufa. Akamwambia amelala."

Kekee aligeuka akamtazama. "Ulikuwa unajua, mama? Na ukanipeleka kwake?"

"Kazi aliijua. Nilidhani utachukua kazi, tabia utamwachia mwenyewe."

"Nilichukua zote mbili."

Mama yake alitazama sahani iliyokuwa mikononi mwake, mafuta yameanza kuganda pembezoni. Kutoka ndani kikaja kicheko kingine, kirefu kuliko vya kwanza, na sauti ya mjomba juu yake ikiomba watu wamwache amalizie.

Mama alisimama. Alikwenda kwenye pipa la taka lililokuwa chini ya ngazi, akamwaga sahani yake, akarudi akachukua ya Kekee akaimwaga pia. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkoba wake na viatu alivyoviacha Kekee mlangoni.

"Vaa," alisema. "Twende zetu."